Zamu ya Nawar

Siku ya tatu ya matanga, Baba aliniambia niisogeze gari ya marehemu dada yangu, Nawar, ili wageni kutoka Al Khuwair wapate pa kuegesha. Mama akanifuata, akaingia kando yangu kuutafuta mtandio ambao Nawar aliuacha humo.

Usukani ulikuwa unachoma kwa jua la Maskati. Nilipowasha tu, sidii ikaendelea pale ilipoachia.

Ilikuwa albamu ya kwanza ya mabinti wawili wanaoimba kwa Kihispania. Mimi na Nawar tuliikariri yote bila ya kujua maana, tukipokezana, yeye sauti ya juu, mimi ya chini. Mama akitugombeza kila siku: "Hata hamjui kama wanatukana!"

Msibani hapapigwi muziki. Nikapeleka kidole kwenye kitufe kilichochubuliwa na kucha za Nawar.

"Iwache, mwanangu," Mama akasema.

Zamu yangu ilipofika nikaimba. Ilipofika ya Nawar nikanyamaza, kama nilivyozoea.

Mama akaukumbatia mtandio, akaiimba yeye. Hakukosea hata neno moja.