Homa Juu ya Bonde la Kerio

Siku hizo wanandoa waliweza kupokeana ugonjwa, na ukishahama haukurudi ulikotoka. Ndiyo maana Jerotich hakumwambia mumewe kwamba aliamka na homa asubuhi ya mashindano ya kuruka angani kwa bawa la kitambaa.

Sasa alikuwa amening'inia chini ya bawa lake, juu sana ya Bonde la Kerio, meno yakigongana kwa baridi. Macho yakaingia kiza. Bawa likainama, likaanza kuserereka kuelekea majabali, naye akapiga mayowe redioni.

"Nipe mimi hiyo homa," mumewe, Kimosop, alimwambia kutoka nyumbani.

"Hapana! Na moyo wako huo mbovu?"

"Nimeshaipokea, Mama Chebet. Shika bawa!"

Papo hapo kiza kikamtoka. Mikono ikapata nguvu, akaliinua bawa na kuyakwepa majabali kwa shida.

"Baba Chebet, nimepona. Unajisikiaje?"

Redioni akasikia kiti kikianguka, na mama mkwe akimwita mwanawe kwa jina, kwanza kwa upole, halafu kwa ukelele.

Jerotich aligeuza bawa kuelekea nyumbani, lakini upepo ulivuma kutoka huko huko. Mwili wake ulikuwa mzima kabisa, wala hakuwahi kuiogopa afya yake namna ile.