Damu ya Mapacha

Ludivia alikuwa na muda mfupi tu. Nesi ametoka, na pacha wake Nohemí amekwenda koridoni kupokea simu ya mumewe. Mezani palikuwa na bahasha mbili zenye majina yao, kila moja na kichupa chake cha damu. Akavitoa, akavibadilisha, akarudi kukaa.

Muda si mrefu kabla ya hapo, yeye mwenyewe aliporudi kutoka msalani, alimkuta Nohemí amekaa wima, uso umemwiva kama mtu aliyekimbia. Hakumuuliza. Miaka sitini na moja alikuwa akimtazama tu: mwalimu mstaafu, nyumba yenye roshani, mume asiyeacha kumpigia simu. Yeye alikuwa mkaanga empanada, sambusa za kwao, akalea wanawe watatu peke yake, na siku hizi kifua kilimbana kila akipanda vilima vya mji wao wa Manizales.

Daktari alikuwa amewaeleza kwamba mapacha kama wao huzaliwa na jeni zile zile, ila maisha huziwekea alama. Alama hizo zikiharibika, jeni zinazoleta uvimbe hazizimiki tena, na mishipa ya moyo huziba polepole. Ludivia alijua damu yake ingesema nini. Safari hii, liwalo baya na limwangukie mwenye roshani.

Majibu yakaja kinyume. Moyo mbovu ulisomwa kwa jina la Ludivia.

Akaduwaa, kisha furaha ikampanda taratibu. Kumbe damu ile mbovu ilikuwa ya Nohemí! Akapokea vidonge kwa adabu, akavitupia kabatini, akaendelea na sigara zake. Kifua kikimbana, alilaumu moshi wa mafuta. Miezi mitatu alimwangalia pacha wake akitafuna nyama ya nguruwe yenye mafuta, akisema moyoni: kula tu, mwenzangu.

Jumapili moja Nohemí akaja peke yake, macho yamemvimba. Hata kahawa aliikataa.

“Nimekukosea, pacha wangu,” alisema. “Siku ile tuliyotolewa damu, ulipokwenda msalani, nilibadilisha vichupa.”

Ludivia akamuuliza kwa nini.

“Wivu. Mama alipokuwa anakata roho aliita jina lako. Wanao wanakuita mama, na majirani nao wanakuita mama. Mimi nani ananiita? Nikajua hata moyo mzima utakuwa wako, nikautaka, japo wa kwenye karatasi.” Akajifuta kamasi. “Mgonjwa ni mimi. Hivyo vidonge unavyomeza bure ni vyangu.”

Akamwangukia begani, akalia. Ludivia alimkumbatia, huku akihesabu: Nohemí alivibadilisha mara moja, kisha yeye akaja akavirudisha, kila kimoja kwenye bahasha ya mwenyewe.