Bwana Miti na Mvule Wake

Zamani, msitu ulipokuwa bado na miti, Perere ndiye aliyekuwa Bwana Miti. Alikuwa mnyama mdogo aliyeishi kwenye pango la mvule, na sheria yake ilikuwa moja tu: haukatwi mti ila uliokufa. Aliipenda sheria hiyo kuliko hata miti yenyewe.

Nungunungu, mchoma mkaa, aliiheshimu mno. Kila jioni aliguguna gome la mti kwa chini, akauzunguka wote, kisha akaenda zake kulala kama raia mwema. Mti ukishakauka, alikuja na shoka na uso wa matanga.

"Bwana Miti, mwenzetu ametutoka."

Perere alikagua matawi, asione jani bichi. "Kazi ya Mungu haina makosa," alisema. "Kata."

Hondohondo, aliyekwishakosa pa kutagia, alimuuliza, "Mbona miti inakufa kama iliyoambizana?"

"Sheria inauliza kama mti umekufa," Perere alimjibu. "Haiulizi umekufaje."

Masika yale, majani ya mvule wake yakapukutika yote. Asubuhi moja akasikia hodi. Alipochungulia, akamwona Nungunungu na shoka lake, na gome limegugunwa kwa chini kulizunguka shina zima.

"Nani ameuua mvule wangu?"

Nungunungu alimtazama kwa huruma. "Bwana Miti, sheria haiulizi hayo."

Perere alitafuta jani bichi, hata moja la kusingizia. Hakuliona.

"Chukua muda wako," Nungunungu alimwambia, akijiegemeza kwenye shoka. "Sisi hatukati bila ruhusa."