Nyuma ya Kamera

"Mama Mdogo, wewe simama nyuma ya kamera utushikie mikoba," mwenye nyumba alisema. Mjane wa pili wa babake akatoka kwenye mstari, mikoba mitano ikimning'inia mikononi.

Yalikuwa maombi ya kufungua nyumba mpya huko Kitengela, mwaka wa 2008. Mwenye nyumba alitaka picha moja ndefu, kutoka geti mpaka tangi la maji, na familia yote ndani.

Caren, mpiga picha, hakubabaika. Kamera yake ilikuwa na kihisi kidogo cha picha, kinachomeza kingo, ndiyo maana alikuwa amefunga lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona upana mkubwa, kioo kimevimba kama jicho la ng'ombe. Kwenye stendi ya kamera alikuwa amechora alama sita kwa rangi ya kucha. Ukipiga zote sita, umemaliza mzunguko, kompyuta inaunganisha.

Kwa mstari ule, tatu zilitosha. Akazipiga.

"Tayari?" mwenye nyumba aliuliza.

"Bado. Si ulisema familia yote?"

Akapiga ya nne, kisha akazungusha kamera mpaka alama ya tano, nyuma kabisa. Mama Mdogo alipoona kile kioo kinamtazama, akasogea kando.

"Hata ukisogea bado uko ndani, mama," Caren alimwambia. "Hii haina nyuma."

Mikoba ikashuka kwenye nyasi, mmoja baada ya mwingine. Mama Mdogo akanyoosha kitambaa cha kichwa, akainua kidevu.

"Wewe! Unapiga nani huko?" mwenye nyumba alifoka.

"Msitawanyike," Caren alijibu, kidole kikibonyeza. "Mstari wenu unaishia huku."