Jina la Mbawakawa

Mbawakawa alikuwa amekufa, amechomwa sindano mgongoni, mdogo kama punje ya mtama. Ombui alimweka mezani kwa wakwe zake, kule Gesima, kama mtu aliyeleta posa.

"Tazama paja la nyuma lilivyo nene, mama. Ni wa jamaa ya wala majani, lakini spishi yake haijawahi kuandikwa popote duniani."

Kemuma, mama mkwe wake, hakutazama paja. Paja la mdudu lamhusu nini mama asiyejua binti yake aliko? Miezi tisa sasa tangu Gesare, mke wa huyu huyu Ombui, aondoke nyumbani kwa mumewe, Suneka, na mkoba mmoja. Ndivyo Ombui alivyowaambia, na polisi wakaandika hivyo hivyo.

"Habari za mwenzio?"

"Bado, mama. Lakini atarudi. Mungu ni mwema."

Hilo "atarudi" ndilo lililomweka Kemuma hai. Juzi tu, mke wa mwanawe, Phanice, alijifungua akataka kumwita mtoto Gesare. Kemuma aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Ebo! Mtoto wa Kigusii hurithi jina la marehemu. Kumpa la mtu anayepumua ni kumchimbia huyo mtu kaburi. Mtoto akaitwa Abigael, jina la nyanya aliyekwisha kufa.

"Ulimpata wapi mdudu wako?" aliuliza mzee Obadiah, mumewe Kemuma.

"Nyuma ya nyumba, baba. Kwenye magugu, pale nilipopanda migomba mipya. Wataalamu wakaniachia mimi nimpe jina, na jana wamenijibu kwamba wamelikubali."

"Bila shaka umempa la mama yako, Emily."

Ombui akacheka. "Aa, baba nawe! Mama si yuko hai?" Akakunjua barua, akaisoma kwa fahari. "Ataitwa Gesare. Dunia nzima, milele."

Obadiah akapiga makofi, machozi yakimlengalenga. Mkwe gani huyu, mwenye mapenzi hivi!

Kemuma hakupiga makofi. Alisimama polepole, akachukua jembe lililoegemezwa mlangoni.

"Ombui," alisema, "hiyo migomba uliipanda lini?"