Gari la Kubebea Dramu

Dramu kubwa iliingia garini bila kugusa popote. Mwakio, mpiga dramu wa bendi ya arusi, alikuja nayo kwenye yadi ya kuuzia magari ili aijaribu katika kila gari, na hili tu ndilo lililoimeza pamoja na matoazi.

"Mbona refu hivi?" mkewe akamuuliza muuzaji.

"Lilikuwa la kubebea majeneza, mama."

Mke akamgeukia Mwakio. "Baba Wakesho, hilo hulipeleki arusini. Mji mzima unalijua."

Mwakio akaomba alijaribu barabarani kwanza. Pale kona, wanaume waliokuwa wakicheza drafti waliliona, wakasimama, wakavua kofia.

Miaka yote alipiga akiwa nyuma ya waimbaji, na hakuna aliyewahi kusimama kwa heshima yake.

Gari likavuka tuta. Dramu ikalia nyuma yake, du.

Mwakio akapunguza mwendo, ukawa wa msafara wa mazishi.