Kosa la Ukurasa wa Kwanza

Hekaya hii ni fupi; anayetaka kusinzia na asubiri.

Kakakuona alifundisha hesabu katika chuo kikuu cha wanyama. Miaka kumi na miwili alijikunja chumbani na swali moja lililowashinda wahenga, na wenzake wakimcheka mpaka machozi. "Huyo akili zimemruka," alisema Nyani, mkuu wa idara, akamnyang'anya hata kiti.

Siku Kakakuona alipolipatia swali jibu, chuo kizima kikawa jamaa yake. Hafla ikaandaliwa, pilau ikapikwa, Nyani akapanda jukwaani kifua mbele. "Mimi ndiye niliyemshika mkono!" Kasuku, mwalimu mwenzake, akadakia, "Na wazo la kwanza nilimpa mimi!"

Zamu ya Kakakuona ilipofika, akakohoa kidogo. "Nawashukuru wakubwa zangu. Ila asubuhi nimegundua kosa ukurasa wa kwanza wa andiko langu, tena kosa kubwa. Mlionisaidia, njooni tulijibie pamoja."

"Mimi kazi yangu ni utawala tu," Nyani akasema, mkono tayari uko mlangoni.

"Mie hesabu zilinishinda tangu chekechea," Kasuku akaapa, na wote wakatoka nduki.

Kakakuona akajipakulia pilau, sahani mbili. Hesabu zake zilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. Huo ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani, ambako kwa adabu za chuo aliwataja wote wawili kwa majina. Akafuta mdomo, akachukua kalamu, akalisahihisha kosa.